Mkia Uko Upande Gani? Majibu kwa Wasomaji Kuhusu Umbo la Data

Barua nne za toleo hili zimetoka Nyanda za Juu Kusini, na ingawa walioziandika hawafahamiani, wote wanauliza jambo moja: mtu akishamaliza kuchora data zake, aseme nini juu ya umbo analoliona? Barua ya kwanza nimeijibu kwa urefu, kwa sababu kosa lililomo ndani yake nimelikuta kwa wanafunzi wengi, na kwa maoni yangu chanzo chake si hesabu hata kidogo.

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa stashahada ya kilimo katika chuo kimoja hapa Mbeya. Kwa ajili ya kazi ya somo la takwimu nilikwenda nyumbani Mbozi wakati wa likizo, nikawauliza wakulima 20 wa kahawa wa kijijini kwetu ukubwa wa mashamba yao kwa ekari. Nilipoyapanga majibu kuanzia dogo nilipata: 1, 1, 1, 1.5, 1.5, 2, 2, 2, 2, 2.5, 2.5, 3, 3, 3, 4, 4, 5, 6, 9 na 24. Nilichora histogramu, yaani mchoro wa nguzo unaoonyesha ni data ngapi ziko katika kila kundi la vipimo, nikaona data nyingi zimerundikana kushoto, nikaandika kwamba “mgawanyo umeegemea kushoto, na mkulima wa kawaida ana ekari 4”. Mkufunzi aliikata sentensi yote kwa wino mwekundu, akaandika pembeni “kulia!” bila neno jingine. Darasani tunafundishwa kwa Kiingereza, na nikirudi kwenye Kiswahili sioni kosa langu liko wapi. (Mwanafunzi, Mbeya)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Macho yako yaliona sawasawa. Kilichokuponza ni neno. Ni kweli kabisa kwamba mashamba mengi katika orodha yako yamerundikana kushoto, yaani kwenye ekari chache. Lakini wanatakwimu, wanapoupa jina la upande mgawanyo usio na ulinganifu, hawatazami rundo liko wapi, bali hutazama mkia umeelekea wapi. Rundo lako liko kushoto, na mkia wako umenyooka kwenda kulia hadi ekari 24; kwa hiyo mgawanyo huo huhesabiwa kuwa wa upande wa kulia. Mkufunzi wako alikuwa na haki ya kukusahihisha, ingawa angekutendea wema zaidi kama angeongeza mstari mmoja wa maelezo.

Wengi wetu tunapolieleza jambo hili kwa Kiswahili hutumia kitenzi “kuegemea”, na hapo ndipo mkanganyiko unapozaliwa, kwa kuwa mtu anayeegemea ukuta ameuweka uzito wake kwenye ukuta huo. Ukimwambia Mswahili kwamba data zimeegemea kulia, atautafuta uzito upande wa kulia na hatauona. Mimi mwenyewe nilipokuwa kijana niliwahi kugeuza pande hizi mbele ya watu, na tangu siku hiyo kitenzi hicho nimekiacha. Andika “mgawanyo una mkia mrefu upande wa kulia”, na hutahitaji kukumbuka kanuni yoyote, kwa sababu maneno yenyewe yanasema kile ambacho msomaji ataona kwenye mchoro. Ukitaka picha ya kushika kichwani, fikiria mlima ambao upande wake mmoja ni kama Kitonga, unaopandwa kwa kona kali na gia ndogo, na upande wa pili ni mteremko mrefu wa taratibu kama ule wa kutoka Tukuyu kwenda Kyela. Mgawanyo wako una Kitonga yake kushoto na Kyela yake kulia.

Sasa tuuchore upya. Tuzigawe ekari katika makundi ya upana wa mbili mbili, tukikubaliana kwamba namba iliyo mpakani inaingia katika kundi la juu. Kundi la 0 hadi chini ya 2 linapata wakulima 5. La 2 hadi chini ya 4 linapata 9. La 4 hadi chini ya 6 linapata 3. Kisha mmoja, kisha mmoja, halafu makundi saba matupu, na mwisho kabisa, peke yake kama mti mkubwa ulioachwa katikati ya shamba, anasimama mkulima wa ekari 24. Maelezo ya umbo yanatakiwa kuyataja hayo yote: kwamba kilele ni kimoja na kiko kati ya ekari 2 na 4, kwamba upande wa kushoto unakatika ghafla na wa kulia unapungua taratibu, kwamba kuna pengo refu, na kwamba ng'ambo ya pengo hilo kuna data moja iliyojitenga. Neno moja tu, liwe “kulia” au “kushoto”, halitoshi kuwa maelezo.

Baada ya kutaja unachokiona, jiulize ni nini kimekileta. Kwa mashamba jibu haliko mbali. Upande wa kushoto kuna ukuta, kwa sababu hakuna mtu anayemiliki chini ya ekari sifuri, na mtu asiye na shamba kabisa hakuingia kwenye orodha yako ya wakulima wa kahawa. Upande wa kulia hakuna ukuta wowote: aliyepata fedha anaweza kununua, kukodi na kuongeza mwaka hadi mwaka, wakati wengi wanabaki na kipande kidogo cha urithi kilichogawanywa kwa ndugu kadhaa. Popote penye sakafu upande mmoja na uwazi upande mwingine, tarajia mkia kuelekea kwenye uwazi. Ndivyo ilivyo kwa mapato, kwa bei za viwanja na kwa muda ambao watu wanasubiri basi kituoni.

Hapo ndipo tunapofikia nusu ya pili ya sentensi yako, ambayo kwangu ni nzito kuliko ile ya kwanza. Jumla ya ekari zako ni 80, na ukigawanya kwa wakulima 20 wastani ni 4, hesabu isiyo na kosa. Lakini hebu rudi kwenye orodha uhesabu kwa kidole: wakulima 14 wana chini ya ekari 4, wawili wana 4 kamili, na wanne tu wamezidi. Huyo unayemwita mkulima wa kawaida amewapita karibu robo tatu ya wanakijiji. Mediani, yaani namba inayokaa katikati data zikishapangwa, ni 2.5, na hiyo ndiyo inayofanana na mtu ambaye ungemkuta ukibisha hodi kwenye nyumba yoyote pale. Mwondoe mkulima wa ekari 24 peke yake: wastani unashuka kutoka 4 hadi takribani 2.95, ilhali mediani inabaki 2.5 ile ile. Mkia huuvuta wastani upande wake, lakini mediani huivuta kidogo sana au hauivuti kabisa.

Mtawanyiko nao umeathirika. Ukitafuta tofauti ya kila shamba na wastani, ukaipandisha kwa kipeo cha pili na kujumlisha, utapata 493, na kati ya hizo 400 zimetoka kwa mtu mmoja. Mkengeuko sanifu unaozaliwa humo, yaani kipimo cha jinsi data zilivyotawanyika kuuzunguka wastani, ni karibu 4.96, mkubwa kuliko wastani wenyewe. Sasa ukiandika, kama wanafunzi wengi wanavyoandika kwa mazoea, kwamba mashamba ni “4 kuongeza au kutoa 4.96”, umedai kwamba Mbozi kuna mashamba yenye ukubwa ulio chini ya sifuri. Kwa data ambazo haziwezi kuwa hasi, pale mkengeuko sanifu unapoufikia au kuupita wastani, ujue kuna mkia mrefu wa kulia hata kabla hujachora. Katika hali kama hiyo ni heri kutumia robo, yaani vipimo vinavyozigawa data zilizopangwa katika sehemu nne sawa: robo ya kwanza ya data zako ni 1.75 na robo ya tatu ni 4, maana yake nusu ya wakulima, wale wa katikati, wako kati ya vipimo hivyo viwili.

Robo hizo zinakupa pia kipimo cha kusema data imejitenga, badala ya kukadiria kwa macho. Mwanatakwimu wa Marekani John Tukey, ambaye miaka ya 1970 aliueneza mchoro wa kisanduku, alipendekeza kuchukua umbali kati ya robo ya kwanza na ya tatu, kuuzidisha kwa moja na nusu, kisha kuujumlisha juu ya robo ya tatu na kuutoa chini ya robo ya kwanza. Umbali wako ni 2.25, mara moja na nusu ni 3.375, kwa hiyo mpaka wa juu ni 7.375. Si ekari 24 pekee zilizovuka, hata ekari 9 zimevuka. Kuvuka mpaka, hata hivyo, hakumaanishi kwamba data ni mbovu, bali kunakudai uikague. Rudi kwenye karatasi yako ya dodoso ulitazame lile jibu la 24. Je, inawezekana lilikuwa 2.4 na nukta ikapotea? Je, mhojiwa alitaja hekta, ukakosea kuzibadilisha, au alikutajia shamba la ukoo mzima? Kama ni kweli ana ekari 24, mwache abaki, kwa sababu ni mwanakijiji kama wengine, na kumfuta ili mchoro upendeze ni kuudanganya mchoro.

Kama ningekuwa wewe, ningeandika hivi: “Mgawanyo wa ukubwa wa mashamba una kilele kimoja kati ya ekari 2 na 4, na mkia mrefu upande wa kulia. Mediani ni ekari 2.5, na nusu ya mashamba, yale ya katikati, yako kati ya ekari 1.75 na 4. Mashamba mawili, la ekari 9 na la ekari 24, yamejitenga na mengine. La ekari 24 limekaguliwa kwenye dodoso.” Sentensi ya mwisho, bila shaka, uiandike baada ya kukagua kweli.

SWALI: Mwalimu, habari za kazi. Mimi ni karani wa kikundi cha wakulima wa viazi mviringo mkoani Njombe. Tuliazima mizani, tukapima magunia 12 yaliyokuwa kando ya barabara yakisubiri lori. Kilo zilikuwa 84, 86, 88, 88, 90, 92, 116, 118, 120, 120, 122 na 124. Kijana wangu anayesoma sekondari alikokotoa wastani akapata 104, akatafuta mediani akapata 104, akasema daftari lao linaeleza kwamba vikilingana basi mgawanyo una umbo la kengele, yaani kilele kimoja katikati na pande mbili zinazoshuka sawasawa. Nikasimama mkutanoni nikatangaza kwamba gunia letu lina kilo 104, yaani limezidi kilo 100 za sheria kwa kiasi kidogo tu. Wapo waliopiga makofi na wapo waliotoka nje wamenuna. Nimekosea wapi? (Karani, Njombe)

JIBU: Ndugu karani, salama kabisa, na pole kwa waliotoka nje, maana walikuwa na haki. Umewatangazia watu gunia ambalo halikuwepo. Pitia tena orodha yako: hakuna gunia la kilo 104, wala la 100, wala la 110, kati ya 92 na 116 hakuna kitu. Ulichokipima ni magunia ya aina mbili yaliyopangwa katika mstari mmoja. Sita ya kwanza yana wastani wa kilo 88, nayo ni magunia yaliyoshonwa mdomo kama inavyotakiwa. Sita ya pili yana wastani wa kilo 120, na sihitaji kuwa Njombe ili kulitaja jina lake: hiyo ni lumbesa. Waliopiga makofi, bila shaka, ni wale ambao kilo zao 20 za ziada zimefunikwa na wepesi wa magunia ya majirani zao.

Umbo la data zako lina vilele viwili na bonde tupu katikati. Ukizigawa katika makundi ya kilo kumi kumi kuanzia 80, utapata magunia 4, kisha 2, kisha hakuna, kisha 2, kisha 4. Ajabu yake ni kwamba umbo hilo lina ulinganifu kamili: ukikunja karatasi kwenye 104, upande mmoja unalala juu ya mwingine bila kuzidi. Ndiyo maana wastani na mediani vimekutana, na ndiyo maana kijana wako amepotea bila kufanya kosa lolote la kukokotoa. Kanuni aliyoisoma ni ya upande mmoja. Kengele ikiwepo, wastani na mediani hukutana. Lakini vikikutana haimaanishi kwamba kengele ipo, kama vile mvua ikinyesha barabara inalowa, lakini barabara iliyolowa huenda imemwagiwa maji na gari. Kulingana kwa namba hizo mbili kunaweza kutoka kwenye kengele, kwenye mgawanyo ulio bapa kama meza, au kwenye vilele viwili vinavyotazamana kama vyako.

Mtakwimu Francis Anscombe, Mwingereza aliyefundisha Chuo Kikuu cha Yale, aliwaonyesha wenzake jambo la jamii hiyo mwaka 1973 kwa seti nne za data, kila moja ikiwa na jozi 11 za namba. Wastani zinakaribiana mno, mtawanyiko vilevile, na hata mstari unaopitishwa katikati ya nukta ni ule ule. Lakini ukizichora, moja ni wingu la kawaida, nyingine ni upinde, na mbili zilizobaki zimepotoshwa na nukta moja moja iliyo mbali na wenzake. Hakuna mtu ambaye angelijua hilo kwa kutazama namba za muhtasari peke yake.

Kuna tahadhari moja ambayo ningependa umfikishie kijana. Upana wa makundi unaweza kukificha kile unachokitafuta. Kama angechukua makundi ya kilo thelathini thelathini, yaani 80 hadi 109 na 110 hadi 139, angepata nguzo mbili zenye magunia 6 kila moja, naye angeapa kwamba data zimesambaa sawasawa. Akichukua upana wa kilo moja moja, atapata vijiti vilivyotawanyika visivyo na umbo. Herbert Sturges alipendekeza mwaka 1926 kanuni ambayo kwa data 16 inatoa makundi 5, kwa 32 inatoa 6, kwa 64 inatoa 7, na kuendelea hivyo. Ni mahali pazuri pa kuanzia, ila iliundwa kwa kufikiria mgawanyo wa kengele, hivyo asiifuate kama amri. Achore kwa upana wa aina mbili au tatu, na kilele kinachobaki kila mara ndicho akiamini.

Mkutano ujao usipeleke wastani mmoja. Waambie kwamba magunia sita yalikuwa kati ya kilo 84 na 92, na sita kati ya 116 na 124, kisha waulize ni mnunuzi yupi aliyafungisha yale ya pili. Data yenye vilele viwili karibu kila mara ni watu wa makundi mawili waliohesabiwa pamoja, na kazi ya kwanza ni kutafuta kitu kinachowatofautisha. Hapa kinaonekana kwa macho, kwani gunia moja limefungwa mdomoni na jingine limeongezewa kichwa na kusukwa kamba juu yake.

SWALI: Mwalimu mwenzangu, nafundisha hisabati katika sekondari moja mkoani Iringa. Nilitoa jaribio kwa wanafunzi 50; wengi walipata kati ya alama 75 na 95, na wachache walibaki chini ya 40. Kiongozi wangu wa taaluma ameniambia jaribio halikuwa halali kwa sababu alama hazikutengeneza kengele. Je, ni kweli kwamba alama ni lazima ziwe kengele? (Mwalimu, Iringa)

JIBU: Hapana, si kweli. Alama zako zina mkia mrefu upande wa kushoto, na sababu yake ni ile niliyomweleza mwanafunzi wa Mbeya, ila imegeuzwa: safari hii ukuta uko juu, kwenye 100, na uwazi uko chini. Jaribio linalopima kitu kilichofundishwa vizuri huwarundika wanafunzi karibu na ukuta huo. Jaribio gumu kupita kiasi lingewarundika karibu na sifuri na kuutupa mkia kulia. Umbo linakueleza jinsi jaribio lilivyokutana na darasa, na halali au haramu yake utaijua kwa kuyasoma maswali yenyewe. Swali linalostahili jasho lako ni lile la wachache walio chini ya 40: je, ni mkia unaopungua taratibu, au ni kilele kidogo cha pili kilichotengana na wenzake? Kama ni kilele, watafute kwa majina. Huenda wote walihamia katikati ya muhula, au wote walikosa mada moja.

Kengele ina heshima yake, na historia yake ni ndefu. Abraham de Moivre aliifikia mwaka 1733 alipokuwa akishughulikia michezo ya bahati. Mwanahisabati Mjerumani Gauss aliitumia mwaka 1809 kwa makosa ya vipimo vya anga. Na Mbelgiji Adolphe Quetelet, mwaka 1846, aliiona katika vipimo vya vifua vya askari zaidi ya 5,700 wa Uskoti. Hujitokeza pale ambapo sababu nyingi ndogo ndogo, zisizotegemeana, zinajumlishwa, kama ilivyo kwa urefu wa watu wazima wa jinsia moja. Alama za jaribio hazina sababu ya lazima ya kuifuata.

Nadhani jina nalo limechangia. Kengele hiyo kwa Kiswahili tunaiita “mgawanyo wa kawaida”, na mtu anayesikia hivyo hudhani kwamba migawanyo mingine ina kasoro. Mwanatakwimu Mwingereza Karl Pearson, ambaye ndiye aliyelipa umaarufu jina hilo katika Kiingereza na ndiye aliyebuni neno histogramu miaka ya 1890, alikiri mwaka 1920 kwamba ubaya wa jina hilo ni kuwafanya watu waamini kuwa migawanyo mingine yote si ya kawaida. Kama mwenye jina alilijutia, kiongozi wako wa taaluma anaweza kusamehewa, lakini asifuatwe.

SWALI: Mwalimu, kwenye taarifa za hali ya hewa tunasikia kwamba sisi wa Nyanda za Juu Kusini Magharibi tunapata msimu mmoja wa mvua, na wenzetu wa Kilimanjaro wanapata misimu miwili. Je, hivyo ndivyo vilele kimoja na viwili mnavyovisema kwenye takwimu? Nauliza kwa sababu nina daftari la mvua ninayoipima nyumbani. (Mkulima wa chai, Tukuyu)

JIBU: Ndugu yangu, vinafanana kwa sura lakini ni michoro miwili tofauti, na swali lako limenifurahisha kwa sababu hata waliosoma huichanganya. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania inaposema msimu mmoja, inazungumzia mchoro ambao chini yake kuna miezi iliyofuatana, na urefu wa kila nguzo ni kiasi cha mvua kilichonyesha mwezi huo. Kwenu nguzo zinapanda kuanzia Novemba na kushuka baada ya Aprili, na Tukuyu huchelewa kushuka. Kwa wenzenu wa kaskazini zinapanda wakati wa vuli, Oktoba hadi Desemba, zikashuka, zikapanda tena kwa masika, Machi hadi Mei. Hiyo ni grafu ya nguzo kwa miezi. Mpangilio wake umewekwa na kalenda, na kama ungeanza kuichora Julai badala ya Januari, kilele kingehama mahali bila mvua yenyewe kubadilika.

Histogramu ni kitu kingine: chini yake hukaa vipimo vyenyewe vilivyopangwa kuanzia kidogo hadi kikubwa, na urefu wa nguzo ni idadi ya mara ambazo kipimo hicho kimetokea. Hakuna atakayeruhusiwa kubadilisha mpangilio huo, na ndiyo maana maneno kama mkia na pengo yana maana hapo.

Daftari lako linatosha kwa michoro yote miwili. Ikiwa unasoma kopo lako la mvua kila siku saa tatu asubuhi, kama vituo vinavyofanya, jumlisha milimita za kila mwezi na uchore grafu ya kwanza. Utaona mlima mmoja mpana. Kisha chukua siku zile zile za mwaka mzima, usahau tarehe zake, na uzipange kwa makundi ya milimita kumi kumi. Nguzo ya kwanza, yenye siku kavu na siku za manyunyu, itakuwa ndefu kuliko nyingine zote, hata huko Rungwe kunakosifika kwa mvua. Ya pili itakuwa fupi, ya tatu fupi zaidi, na utaendelea kulia ukikuta siku mbili hapa, moja pale, hadi uifikie ile siku moja ya peke yake ambayo mfereji wa shamba ulishindwa na maji yakakata njia ya kupitishia majani mabichi. Siku hiyo usiiondoe kwenye daftari, ila andika pembeni yake ulichokiona ulipofungua mlango asubuhi ile.